Korongo Limeumbwa na Nini?

Kondoa, Dodoma

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Sisi sote hatujambo, ila jua ni kali na mtama umeanza kunyauka kabla ya kutoa masuke. Barua yako nimeisoma mara tatu. Pole sana kwa aliyokutendea mbia wako. Mtu uliyepalilia naye shamba la zabibu misimu minne, kisha akavuna kwa siri na kutoweka na fedha, si wa kusahaulika upesi. Lakini maneno uliyomalizia, kwamba wema na ubaya ni falme mbili zinazopigana tangu mwanzo, na kwamba mtu yule ni askari wa ufalme wa pili, yamenikosesha usingizi.

Fikra hiyo ni ya kale, wala si ya kudharauliwa. Katika karne ya 3, huko Babeli iliyokuwa chini ya Waajemi, mwanzilishi wa dini aitwaye Mani alifundisha kwamba nuru na giza ni asili mbili, wala hakuna iliyoizaa nyingine. Agostino wa Hippo, mwanateolojia Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliyashika mafundisho hayo kwa takriban miaka 9, kisha akayaacha na kushikilia kwamba ubaya hauna asili yake wenyewe, bali ni kupungukiwa na wema pale ulipopaswa kuwapo. Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza nililiona ni mchezo wa maneno. Aliyenielewesha ni korongo.

Unalikumbuka lile la nyuma ya shamba la marehemu baba? Juzi nilisimama ukingoni mwake: udongo mwekundu umekatika wima, na mizizi ya mgunga inaning'inia hewani kama kamba zilizoachwa kisimani. Mwaka jana ng'ombe wa jirani, tena mwenye mimba, alitumbukia humo akafa. Hata hivyo, ukiuliza korongo limeumbwa na nini, huna cha kushika, kwa kuwa ni udongo usiokuwapo. Lilianzia kwenye njia ya mifugo iendayo mtoni. Kwato zikapita pale pale kila asubuhi, majani yakaisha, mvua ikaufuata ufa. Kila mchungaji alitaka tu ng'ombe wake wanywe maji.

Utaniambia kwamba korongo halipangi njama, na mbia wako alipanga. Ni kweli, na hapo ndipo nilipokwama muda mrefu. Lakini mwaka ule wa njaa nami nilipanga. Jirani alivuka ua wetu akiwa na ungo mtupu, ukingo wake umeshonwa kwa kitambaa cha kanga, na kabla hajanifikia nilikuwa nimekwisha kuuandaa uongo wangu. Nikamwambia hatuna kitu, ilhali magunia mawili ya mtama yalikuwa nyuma ya mlango. Moyoni sikuwa na chuki naye hata chembe. Nilikuwa nikiwapenda wanangu, na upendo huo ulikuwa mwema, ila uliishia kizingitini. Nimeutafuta ule ufalme wa pili ndani yangu usiku ule na siku nyingine nyingi, nami sijauona.

Tena fikiria mwaka 1979, mifugo ilipoondolewa katika maeneo yetu yaliyomomonyoka, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO), ili ardhi ipumzike. Majani yalirudi, hilo tuliliona kwa macho yetu. Lakini baba alipowapeleka ng'ombe wake kwa ndugu wa mbali, alikaa mlangoni pa zizi tupu hadi giza likaingia, na hadi anafariki aliiita siku ile siku ya kuporwa. Tendo lilikuwa moja. Sijui ungeliandika katika daftari la ufalme upi.

Sikuambii umwachie mbia wako. Korongo hujengewa vizuizi vya mawe, haliachwi liendelee kula shamba, nawe ifikishe kesi yako mbele. Ninachokuomba ni kwamba utakapoketi naye mbele ya wazee, umuulize zile fedha alizipeleka wapi, na umsikilize hadi mwisho. Kisha uniandikie alichojibu, hata kama jibu lake litanipinga.

Wasalimie mama na watoto wote.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.