Risala kwa Mgeni Rasmi: Sheria ya Mazingira Itufikie kwa Kiswahili

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wetu, wazazi na ndugu wote mliofika hapa Bunia,

Karibu sana. Barabara tunaijua, kwa hiyo hatukuulizi habari za safari.

Mheshimiwa, kwenye vijiji vya machimbo ya dhahabu mama anachota maji yenye rangi ya chai ya maziwa, anayalaza kwenye bidoni tope litue, ndipo apike. Jirani yake anakamua zebaki iliyonasa dhahabu kwa kitambaa, kisha anaiunguza kwenye kijiko juu ya mbabula ileile inayoivisha sombe. Watoto wameketi hapo hapo.

Sheria tunazo. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria ya mazingira ya 9 Julai 2011 inadai athari za mradi zichunguzwe na wananchi waulizwe kabla kazi haijaanza. Ile ya uhifadhi ya 2014 inalinda hifadhi zetu, lakini Hifadhi ya Okapi, iliyo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 1997, bado inachimbwa dhahabu. Tunaambiwa ni vita. Kweli, mlinzi wa hifadhi hawezi kuingia kila mahali penye bunduki. Ila kuwauliza wanakijiji hakuhitaji bunduki.

Kinachotukwamisha ni lugha. Kifungu cha 142 cha Katiba hiyohiyo kinaitaka serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa, ndani ya siku 60. Ile ya 2011 haijatufikia kwa Kiswahili hadi leo. Mzee wa kijiji analetewa karatasi za Kifaransa, anaweka dole gumba, basi.

Tukaanza kutafsiri wenyewe. Alasiri nzima iliishia kwenye neno moja: tuandike "athari" au "madhara"? Mama mmoja muuza samaki akatukata kauli: "Athari ni za mwenye mradi. Madhara ni yetu."

Ombi letu ni moja. Utusaidie tupate tafsiri rasmi, isomwe redioni na ifike vijijini kabla ya karatasi za kutia sahihi. Kazi ya kuisambaza tutaifanya sisi, hata kwa miguu.

Daftari letu tunakukabidhi, Mheshimiwa. Vifungu vilivyotushinda tumeviachia kurasa tupu.