Ndizi haibingiriki

Bwana Mhariri,

Mjukuu wangu wa miaka 5 amerudi kutoka shule ya materneli (chekechea) na karatasi yenye alama nyekundu ya kosa. Karatasi ilikuwa na picha nne: nyanya, chungwa, mpira na ndizi. Aliambiwa azungushie kalamu kile kisichofanana na vingine. Mwalimu alitaka mpira, kwa kuwa hauliwi. Mtoto akazungushia ndizi. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi: "Kambo, ndizi haibingiriki."

Sitaji shule, wala simsemi vibaya mwalimu. Nami nimefundisha watoto wa umri huo hapa Lubumbashi miaka mingi, na wino mwekundu niliumwaga wa kutosha kabla sijajifunza kuuliza "kwa nini?" kwanza. Kosa haliko kwa mtu mmoja. Liko katika kudhani kwamba vitu vina namna moja tu ya kupangwa, na kwamba mtu mzima ndiye anayeijua.

Mtoto anayetenga vitu anafanya kazi nzito kuliko tunavyoiona. Achague sifa moja, aishike mpaka kitu cha mwisho, kisha aiache na kushika nyingine. Mpe wa miaka 3 rundo la vizibo vya chupa: ataanza na vyekundu, katikati ataona kimoja kimepindika, atakiwekea mwenzake aliyepindika, na rangi itakuwa imesahaulika. Huyo hajakosea, bado anafika. Wa miaka 5 anaweza kumaliza fungu kwa sifa moja. Ukimwambia, "Sasa zipange kwa namna nyingine," ndipo utaona kichwa kinavyofanya kazi.

Hapo ndipo ninapofikia orodha ya vifaa. Mwaka huu wazazi wa darasa la mjukuu wangu waliombwa kununua kila mmoja boksi la maumbo ya plastiki. Asili ya vifaa vya namna hiyo ni nzuri. Zoltan Dienes, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, alieneza seti ya vipande 48: maumbo 4, rangi 3, ukubwa wa aina 2, unene wa aina 2, na hakuna kipande kinachofanana kabisa na kingine. Mduara mwembamba mdogo wa njano uko mmoja tu. Kwa hiyo mtoto anaweza kuvitenga kwa njia nne, na mwalimu anajua ni ipi aliyoishika.

Nilifungua boksi alilonunuliwa mjukuu wangu. Pembetatu zote nyekundu. Miraba yote ya bluu. Miduara yote ya njano. Mtoto akikuletea fungu la pembetatu, utajuaje kama ameangalia pembe au ameangalia rangi? Hata mwenyewe hajui. Pesa imeondoka, na somo limeondoka nayo.

Na huku vizibo vimejaa mbele ya kila baa ya Kamalondo, bure! (Sisemi wazazi wanywe zaidi ili shule zipate vifaa.) Vioshwe, viangaliwe visiwe na kingo kali, vichanganywe: vya bia na vya limonadi, vyenye kutu na visivyo na kutu, bapa na vilivyopindika. Ongeza mawe, vifungo vya shati, vipande vya kitenge. Chora miduara miwili chini inayoingiliana, mmoja wa vitu vyekundu, mwingine wa vitu vya chuma, uwaache watoto wagombane kuhusu mahali pa kizibo chekundu. Wadogo wa chini ya miaka 3 wasipewe punje ndogo. Maharagi huishia puani.

Kwa wakubwa kidogo, maharagi yenyewe ni shule. Tandika 10 mekundu na 3 meupe, uulize: yaliyo mengi ni maharagi, au ni mekundu? Wengi watajibu mekundu. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliuliza swali kama hilo kwa shanga za mbao kule Geneva, na watoto wengi wa chini ya miaka 7 hivi walijibu vivyo hivyo, kwa sababu kushika fungu zima na sehemu yake kwa wakati mmoja ni kazi ngumu. Usimcheke. Usimkatie alama.

Tena muulizeni kwa Kiswahili. Sheria ya elimu ya Kongo ya Februari 2014 inatambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia, lakini majina ya maumbo bado yanaimbwa kwa Kifaransa mbele ya bango. Mtoto wa hapa anayesema "tujiwe" kwa mawe madogo na "bintu" kwa vitu ameshatenga dunia kwa ulimi wake kabla hajaliona hilo bango. Na kwenye bango lenyewe pembetatu imekaa siku zote kwa kitako chake. Niligeuza moja kichwa chini, darasa likaniambia imeanguka, si pembetatu tena.

Jumapili nilimpa mjukuu wangu vizibo ishirini na kitu. Akafanya mafungu matatu ya rangi, kisha akaweka kando vinne visivyofanana kwa lolote, na akakataa nivichanganye. Nilikaribia kumsahihisha, mazoea ni mabaya. Jioni ndipo aliponiambia: hivyo vinne viliokotwa kwenye harusi ya shangazi yake.

Mwalimu mstaafu wa materneli,
Kamalondo, Lubumbashi