Kabla hujalipia nyumba ya Mbalizi

Ipogolo, Iringa

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Salamu zako zimenifikia kupitia kwa mama yako, kama zinavyonifikia habari zako zote siku hizi, pamoja na habari ya kwamba umepandishwa cheo na kuhamishiwa Mbeya, kwamba unatakiwa kuripoti mwezi ujao, na kwamba wewe na Baba Tumaini mmekwisha kuona nyumba Mbalizi na mnakusudia kuilipia kodi ya miezi sita. Kuhusu cheo nimefurahi sana, na wazee wenzangu wa kijiweni wote wanajua, kwa sababu nimewaambia mwenyewe. Kuhusu nyumba sikufurahi. Naandika badala ya kupiga simu kwa kuwa kwenye simu huwa unanijibu "sawa, baba" kabla sijafika katikati ya ninachotaka kusema.

Picha ulizomtumia mama yako nimeziona zote. Nyumba ni nzuri, siikosoi: vyumba vitatu, kimoja kina choo ndani, marumaru hadi barazani, uzio wa tofali, kisima, na uwanja wa nyuma ambao Baba Tumaini anasema utatosha banda la kazi yake ya useremala. Sinki la jikoni umelipiga picha mara mbili. Barabara ya kutoka hapo hadi ofisini kwako Forest hukuipiga hata mara moja, wala hukuieleza, na hiyo ndiyo utakayokuwa nayo asubuhi na jioni kuliko hilo sinki.

Mbalizi iko chini, mwanangu. Mtu anayepita ndani ya basi akisinzia hawezi kulitambua jambo hilo, lakini barabara kuu ikishatoka Uyole inateremka kidogo kidogo kupita mjini hadi Iyunga, kisha pale Iwambi inaporomoka kweli kuelekea Mbalizi. Magari ya mizigo yanayotoka bandarini Dar es Salaam kwenda Tunduma na ng'ambo ya mpaka, yenye mafuta, mbolea na makontena, yanaushuka mteremko huo yakiwa yamejaa. Asubuhi wewe utakuwa unapanda kwenda kazini na malori yanakuja usoni kwako. Jioni utakuwa unashuka kurudi nyumbani na malori yako mgongoni. Na kwa kuwa umesema watoto watasoma mjini, mtakuwa mama na watoto watatu ndani ya Hiace moja, mara mbili kwa siku, siku zote za shule.

Hapa kwetu kuna Kitonga, na watu hudhani kwamba mtu aliyeizoea Kitonga hawezi kutishwa na Iwambi. Ni kinyume chake. Kitonga ina kona kali na ina bonde linaloonekana kwa macho, kwa hiyo hata dereva mpumbavu akifika pale juu anapunguza mwendo bila kuambiwa. Iwambi haimtishi mtu. Dereva ametoka kupita mji mzima akisimama na kuondoka, kwenye matuta, kwenye vivuko, nyuma ya bajaji zinazopakia abiria, breki zimekwisha kupata moto na yeye hana habari, anaona nyumba zinapungua pembeni anafikiri shida za mjini zimekwisha, na hapo ndipo mteremko unapoanza.

Lori lenye mzigo linatakiwa litiwe gia nzito kabla halijaanza kushuka, ili injini ndiyo ilishike, na breki ziguswe kwa kuachia. Anayetaka kuokoa dizeli analiacha liende "free", yaani bila gia, anabaki na breki peke yake. Ngoma za breki zikishachemka, lainingi, zile zinazobana ngoma, hazishiki tena. Unakanyaga pedali inazama, unatazama kioo cha pembeni unaona moshi kwenye matairi ya trela, harufu ya kuungua inaingia hadi ndani ya kabini, mshale wa geji ya upepo wa breki unarudi chini kila unapokanyaga, na gari linazidi kukimbia. Likifika hapo dereva hana analoliongoza tena isipokuwa kuchagua atagonga nini.

Haya sikuyasoma mahali popote. Matajiri wa wakati ule walikuwa wanatupa dizeli ya kupimwa kwa safari, na iliyobaki kwenye tangi ilikuwa ya dereva. Wewe ulisoma kidato cha kwanza hadi cha nne hukurudishwa nyumbani kwa ada hata siku moja, na hukuwahi kuuliza hela hiyo inatoka wapi. Basi leo usiniulize nimejuaje.

Habari ya Juni 2025 pale Iwambi, ya lori lililokatika breki likaua watu zaidi ya ishirini, uliisikia wewe kabla yangu, maana ndiye uliyenipigia simu kuuliza kama mdogo wako amekwisha kuondoka Mbeya. Sauti yako siku ile naikumbuka. Ndiyo maana nashangaa kwamba mtu yule yule aliyekuwa anatetemeka kwa safari moja ya mdogo wake anataka kuifanya njia hiyo kuwa ya kila siku ya wanawe.

Baba Tumaini ameniandikia ujumbe wa heshima, nami namshukuru, akisema kwamba barabara inapanuliwa kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, na kwamba ikikamilika hatari itapungua. Nakubaliana naye kwa sehemu. Njia zikiwa mbili kila upande, mwenye haraka hatalazimika kuovateki kwa kuingia upande wa wanaokuja, na ajali nyingi za uso kwa uso zitapungua. Lakini mlima hautasawazishwa, na lori lililoishiwa breki halina njia yake, zote nne ni zake. Tena ujenzi wenyewe una michepuko, vumbi, na foleni inayosimama katikati ya mteremko, jambo ambalo dereva wa semi analiogopa kuliko yote. Mwambie nimemsikia, ila bado nakataa.

Sikatai kwamba mna sababu. Kodi ya Mbalizi ni nafuu kuliko ya mjini na viwanja ni vikubwa. Kisha kuna kifua cha Upendo, ambacho ndicho kitu pekee katika maelezo ya mama yako kilichonifanya nikae kimya kidogo, kwa sababu baridi ya Mbeya ya Juni na Julai si ya mchezo na huko chini kuna joto zaidi, na hospitali ya Ifisi iko jirani. Lakini baridi ina dawa yake: madirisha yenye vioo vizima, dari, blanketi nzito, na mtoto asiogeshwe saa 11 alfajiri. Akikaa Mbalizi akasoma mjini, ni alfajiri hiyo hiyo atakayoamshwa awahi gari, akasimame kituoni kwenye ukungu. Hapo kifua chake kitakuwa kimepata faida gani? Na hiyo nafuu ya kodi, kaa chini uitoe nauli za watu wanne kwenda na kurudi, uone kinachobaki.

Kama ni lazima muishi nje ya katikati ya mji, na naelewa kwamba Forest kwenyewe kodi yake hamuiwezi kwa sasa, tazameni upande wa Uyole. Itezi na Isyesye kuna nyumba mpya nyingi, daladala na bajaji za kwenda Mwanjelwa na Mafiati hazikosekani, na hata mkikwama jioni si mahali pa kulala njiani. Foleni mtaikuta, wala sikudanganyi kwamba barabara ile haina malori, kwa kuwa ni hiyo hiyo moja. Tofauti ni kwamba mtakuwa mnakwenda nayo mahali ambapo malori yanatembea taratibu. Vyakula pia ni rahisi kupatikana pale njia panda ya Tukuyu, ndizi na viazi vinashushwa vikiwa vibichi. Ila upande huo nao una mambo yake. Msikubali nyumba iliyo kando ya barabara pale Igawilo, maana magari yanayotoka Kyela na Malawi yanashuka kwa namna ile ile niliyokueleza. Na Itezi msikae chini ya mlima: Aprili 2024 udongo wa Mlima Kawetele uliporomoka ukafukia nyumba za watu, na dalali atakayekupeleka huko hatakukumbusha, atakwambia tu kwamba kuna mandhari nzuri.

Nyumba haichaguliwi Jumamosi mchana, wakati kila kitu kimetulia. Nenda siku ya kazi, lala kwa shangazi yako, na saa 12 asubuhi uwe umesimama kituoni kilicho karibu na nyumba hiyo, upande daladala kama mpangaji, uone saa utakayofika mlangoni kwa mwajiri wako. Jioni urudi kwa njia hiyo hiyo. Muulize jirani, usimuulize mwenye nyumba, maji ya bomba yanatoka siku ngapi kwa wiki na kama mita ya LUKU ni yenu peke yenu. Kodi usimpe dalali mkononi. Mkataba uandikwe na mwenye nyumba mwenyewe, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Wewe ni mtu wa ofisi na haya unayajua, lakini nyumba ya Mafinga mliingia kwa maneno ya mdomo na mama yako bado anaizungumzia.

Jambo hili lingekuwa rahisi zaidi kama ungeniuliza kabla. Nimetembea barabara ile maisha yangu yote ya kazi, kuanzia bandarini hadi Tunduma, na binti yangu anapotafuta nyumba kando yake anamuuliza dalali. Sikulaumu sana. Nilipokuwa naendesha nilikuwa nakuja nyumbani kulala, si kuzungumza, na pengine ndiyo maana ulizoea kumaliza mambo yako na mama yako. Lakini hili si la mama yako. Yeye Iwambi ameipita akiwa amelala begani kwangu.

Kama mtaamua Mbalizi hata baada ya haya, sitakuja kuwafukuza. Nitaomba neno moja tu, watoto wasome huko huko Mbalizi, shule zipo, na anayepanda kwenda mjini awe wewe peke yako. Nimeandika hivyo na hata hivyo sijaridhika, kwa kuwa na wewe pia ni mtoto wa mtu.

Goti la mama yako linaendelea vizuri, amepewa dawa ya kuchua na ameambiwa apunguze kupanda ngazi, naye hasikii. Bati la jikoni tumelibadilisha. Mahindi tumevuna gunia pungufu kidogo kuliko mwaka jana, ila debe tatu ni zenu, zimekwisha kutiwa dawa, msizisage kabla ya wakati wake. Kabati lile la mninga msiliuze Mafinga kwa sababu ya shida ya kusafirisha, maana halitapatikana tena kwa bei yoyote, na Baba Tumaini kama fundi analijua hilo kuliko mimi. Lifunguliwe milango, milango ifungwe pamoja na blanketi katikati.

Gari la kuhamishia mizigo nitalitafuta mimi. Kuna kijana hapa Ipogolo ana Fuso, nimepanda naye mara kadhaa nikimtazama miguu, na mteremko huwa anaushuka akiwa amebana gia. Nitakaa mbele naye hadi Mbeya. Ninyi pandeni basi la mchana, msipande la usiku, na magodoro yafungwe kwa turubai kwa sababu mvua ya Makambako haina msimu. Mtungi wa gesi usipakiwe pamoja na vitu vingine, uachwe kwa jirani mkanunue mwingine huko.

Nijulishe siku mtakayokwenda kutazama Isyesye, nimpigie shangazi yako awaandalie pa kulala. Mama yako anauliza kama ule ungo wa mama mkubwa ulirudishwa au umefungwa na vyombo vyenu.

Baba yako