Barua kwa mwanangu: miguu inavyogeuka kuwa dawa

Dodoma, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, mama. Salamu zako zimefika, na ile sauti uliyotuma kwa simu ya mama yako tumeisikiliza mpaka mdogo wako akaninyang'anya simu aisikie peke yake. Hapa nyumbani hatujambo. Bibi yuko hapa tangu juzi, ametoka Hombolo na unga wa uwele na mlenda mkavu. Hofu yetu ni kwenu mlio mbali.

Umeniuliza swali ambalo halikujibika kwenye simu kwa kelele za watu: "Baba, nyie mkitembea huko Dodoma, mtu aliyelala Hospitali ya Muhimbili huku Dar anaponaje?" Wapita njia nao walituuliza hivyo hivyo, tukawajibu kwa mkato kwamba tunawachangia watoto wenye saratani, tukaendelea na safari. Wewe nakupa jibu refu, maana ni wewe unayechomwa hizo sindano.

Jana saa kumi na mbili asubuhi tulikusanyika Nyerere Square, kabla jua halijaanza kuchoma. Ilikuwepo kwaya ya kanisani kwetu, vijana wa msikiti wa jirani, mafundi cherehani wenzangu wa Majengo, bodaboda wa kijiweni, walimu wako, na wazazi ambao watoto wao wako wodini kama wewe au wameshamaliza matibabu. Tukashika barabara ya Dar es Salaam, tukapita Bunge, tukanyoosha hadi Nzuguni kwenye stendi kuu ya mabasi. Waandaaji walitaka tumalizie uwanjani, penye jukwaa na maturubai ya kivuli. Sisi wazazi ndio tuliokataa. Mtoto wa Kondoa, wa Mpwapwa au wa Manyoni akipewa tarehe ya kliniki huko Dar, safari yake inapitia stendi, na kama mfuko wa mzazi umekauka, inaishia hapo hapo.

Sasa chukua daftari, maana mwalimu wako wa hesabu amenisisitiza nisikuache ulale. Treni ya SGR ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024, nauli ya treni yake ya kawaida, si ile ya haraka, hadi Dar es Salaam ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima, na mtoto wa umri wako nusu yake. Mama na mtoto wakienda na kurudi, hiyo ni shilingi 93,000. Na huyo ni mtu wa hapa mjini. Wa Kondoa aanze kulipa basi la kumleta Dodoma, kisha akifika Dar alipe bajaji, anunue chakula cha anayeuguza, anunue sabuni, aweke vocha ya kuwaulizia watoto aliowaacha kwa jirani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoandikwa kwenye risiti ya hospitali, na hivyo ndivyo vinavyomshinda mzazi.

Kila aliyetembea alichanga shilingi 10,000. Watu 10 wakitembea, mtoto mmoja na mama yake wamekwenda kliniki na kurudi, na imebaki 7,000 ya kula njiani. Tulikuwa watu 312. Wewe nitafutie zimepatikana safari ngapi kamili na salio ni shilingi ngapi.

Jibu la swali lako limeanzia hapo, mama. Dawa zako ziko Dar, madaktari wanaokutibu wako Dar, ila katikati kuna kilomita zaidi ya 400 ambazo mtu hazimalizi kwa kulala njaa mara moja tu. Matibabu ya saratani ya damu kama yako yanachukua miaka miwili na zaidi. Unazijua zile wiki za mwanzo zilivyokuwa nzito, sindano ya mgongo, kuchukuliwa uboho, na zile tembe za prednisolone zilizokuamsha saa nane usiku ukidai ugali, mama yako akikulisha huku nesi anashangaa. Baada ya mwezi vipimo vikaonyesha seli mbaya hazionekani, mashavu yakakujaa, ukaanza kucheka. Kipindi hicho ndicho kinachonitisha kuliko vyote.

Nilimweleza bibi yako, akaelewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa kwa daktari. Alisema ni kama ndago shambani. Ukiikata juu, shamba linang'aa, jirani anakusifu, kumbe kitunguu chake kiko chini kinangoja mvua. Ndiyo maana unaendelea kumeza vidonge na kuchomwa sindano wakati unajiona mzima. Mzazi asiyeelezwa hilo anamwona mtoto anaruka kamba, anapiga hesabu ya nauli, anapiga hesabu ya shamba lililolala bila kulimwa, anasema mtoto amepona, turudi nyumbani. Siwezi kumlaumu. Nilikaa naye kwenye benchi moja, namjua.

Uliniuliza pia habari za rafiki yako wa kitanda cha dirishani, yule aliyekufundisha kuchora magari ya mizigo. Sikukwepa kukujibu, nilikuwa natafuta uhakika. Aliondoka akiwa na nguvu zake, na tarehe yake ya kurudi ilipita. Mweka hazina wetu alipata namba ya baba yake kwa wazazi wengine, akampigia tukiwa bado stendi, vumbi limetujaa. Yule mzee alinyamaza kidogo, akauliza, "Kwani mtoto wangu bado anasubiriwa?" Aliambiwa anasubiriwa, na nauli ikatumwa kwa simu hapo hapo. Amesema wataondoka Jumatatu. Wakifika, madaktari watampima upya waone pa kuanzia, na huenda matibabu yakawa marefu kuliko ya mwanzo. Akija usimuulize alikuwa wapi. Mpe karatasi achore.

Nimesikia miguu yako bado ina ganzi na unatembea kwa kuburuza vidole. Daktari alinieleza kwamba inatokana na vinkristini, ile sindano inayopitishwa kwenye mshipa, na kwamba kwa watoto wengi nguvu hurudi polepole baada ya dozi kupungua. Fanya yale mazoezi ya kukunja kifundo unayofundishwa, hata kama yanachosha. Halafu nikuambie jambo: ile dawa inatoka kwenye ua unalolijua. Ni lile ua la rangi ya waridi lenye petali tano lililoota ukutani kwa bibi, ambalo mbuzi hawaligusi. Asili yake ni Madagaska. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Kanada na Marekani walilichunguza wakidhani litatoa dawa ya kisukari, wakakuta linazuia seli za damu kuongezeka, na katika miaka ya 1960 watoto wenye saratani ya damu wakaanza kutibiwa kwa dawa yake. Bibi aliposikia akataka kulichemsha akutumie kwenye chupa. Nimemkatalia kwa heshima zote. Ua lenyewe ni sumu. Kilichomo kwenye sindano yako kimesafishwa na kupimwa kwa uzito wako, na kikizidi kidogo kinadhuru. Kuna jirani mwingine atakuletea majani ya kila namna kwa mapenzi mema. Mama yako ashukuru, aweke kando, amuulize daktari kwanza.

Kuhusu miguu nina habari nyingine. Wakati tunapumzika chini ya mti, mwalimu wako alitusimulia habari za kijana wa Kanada, Terry Fox. Alikuwa na saratani ya mfupa, si kama yako, na mwaka 1977, akiwa na miaka 18, alikatwa mguu wa kulia juu ya goti. Hospitalini aliwaona wagonjwa wenzake, wengine watoto wadogo, na hakuweza kuwasahau alipotoka. Tarehe 12 Aprili 1980 akaanza kukimbia kuivuka nchi yake kwa mguu wa bandia, karibu kilomita 42 kila siku, akiomba kila Mkanada achange dola moja kwa ajili ya utafiti. Alikimbia kilomita 5,373. Septemba mwaka huo, karibu na Thunder Bay, kifua kilimbana, saratani ilikuwa imefika kwenye mapafu, akasimama. Alifariki Juni 1981. Nakuandikia na mwisho wake kwa sababu wewe hukubali hadithi ya nusu. Lakini ujue pia kwamba hadi Februari 1981 michango ilikuwa imepita dola milioni 24, karibu dola moja kwa kila mtu wa nchi yake, na mpaka leo watu wanakimbia na kutembea kwa jina lake katika nchi nyingi.

Kilichonishika ni kwamba aliwakimbilia wale aliowaacha wodini. Jana na mimi nilikuwa natembea kwa ajili yako, sitasema uongo, wewe ndiye uliyekuwa kifuani. Ila wewe uko mahali, una kitanda, una mama pembeni, jina lako linaitwa asubuhi. Wapo ambao majina yao hayajafika hata kwenye daftari la mapokezi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kuhakikisha ifikapo 2030 angalau watoto 60 kati ya 100 wenye saratani duniani wanapona. Katika nchi tajiri wanapona zaidi ya 80. Katika nchi nyingi zenye kipato kama chetu hawafiki 30. Madaktari hawatofautiani kiasi hicho kwa akili. Mtoto kuchelewa kugunduliwa na mtoto kukatishwa dawa vimo katika pengo hilo, na hayo mawili tunaweza kuyashika kwa mikono yetu.

Kwa hiyo hatukubeba mabango ya maneno matamu. Tulibeba dalili: homa inayorudi kila ikitibiwa, viganja na midomo kupauka, michubuko isiyo na sababu, mifupa inayouma mpaka mtoto anakataa kutembea, uvimbe tumboni au shingoni, weupe unaong'aa kwenye mboni ya jicho. Wewe ulikuwa na nne kati ya hizo, na kwenye zahanati ya kwanza tulipewa dawa ya malaria, tukarudi, tukapewa tena. Ningetamani bango lile lingekuwa limebandikwa pale mlangoni.

Rangi ya dhahabu ndiyo alama ya saratani za watoto, basi utepe nilishona mimi. Nilichagua kitambaa cha satini, na satini inateleza chini ya sindano kama haitaki, nikawa naishikilia kwa vidole viwili huku nakanyaga taratibu, usiku, wadogo zako wamelala. Kila utepe niliukunja pindo mara mbili usichanike kwa upepo wa Dodoma. Pale stendi mama mmoja aliyekuwa anasubiri basi akaniomba nimsomee bango, maana miwani aliisahau. Nilipofika kwenye jicho alinishika mkono, akasema mjukuu wake akipigwa picha usiku jicho moja linatoka jeupe. Hakupanda basi lile. Nesi mmoja aliyetembea nasi alimwandikia pa kumpeleka mtoto, tukampa nauli ya kwenda kumchukua. Utepe wake aliufungua kwenye mkono wangu mwenyewe. Wa kwako umebaki, nimeufunga ndani ya bahasha hii.

Shangazi yako anaondoka Jumanne kwa treni ya asubuhi. Amebeba unga wa uwele, mlenda, daftari jipya na barakoa. Mlenda mama aupike mpaka uive kabisa, na maji yako yaendelee kuchemshwa. Zabibu sijatuma ingawa zimekolea sukari mwaka huu. Muulizeni nesi kwanza chembe nyeupe za damu yako zimefikia wapi, na akikubali, zioshwe kwa maji yaliyochemshwa. Mwambie mama, joto lako likifika 38 asisubiri kupambazuke, amwite nesi saa ile ile. Pesa ya matumizi nitamtumia Ijumaa nikimaliza sare za shule ninazoshona. Na yeye alale kidogo mchana shangazi akiwa hapo, nimemwomba shangazi akae wiki nzima.

Jibu la hesabu nitumie kwa sauti, na uonyeshe njia.

Akupendaye,
Baba yako