Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kazi ya rangi za mimea

Ndugu wanachama, assalaam alaykum.

Mahesabu na ada atayasoma mshika fedha. Mimi nitazungumzia kazi yenyewe ya kutia nguo rangi za mimea.

Majani na magome hayakutusumbua. Nani hapa Pemba atakosa manjano, maganda ya vitunguu au mti wa mkungu wa jirani? Kilichotutoa jasho ni vitambaa, shabu (chumvi inayoshikisha rangi kwenye nguo) na maelekezo. Bafta ya madukani mara nyingi imechanganywa poliesta na muuzaji hasemi. Siku hizi kamati hainunui jora kabla ya kuchoma uzi: pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka ikaganda kijidonge. Nanyi fanyeni hivyo, hata muuzaji akinuna.

Ama maelekezo, karibu yote tuliyoletewa yameandikwa kwa ajili ya sufu. Sufu hushika shabu yenyewe, pamba haishiki vizuri mpaka itangulizwe ukakasi, yaani maji ya majani au maganda makali yanayokaza ulimi. Kwa hiyo utaratibu wetu ni huu: nguo ichemshwe na magadi mpaka wanga wa kiwandani utoke, ilale usiku kucha kwenye maji ya majani ya mkungu au maganda ya komamanga, ndipo iingie kwenye shabu, gramu 150 kwa kilo moja ya nguo kavu. Ukiruka ukakasi, usishangae rangi ikiondoka na povu la sabuni. Shabu ni ile ile ya vinyozi, ila kuinunua kipande kipande kwa wauza dawa za asili ni hasara. Kamati inapendekeza tuagize pamoja kutoka Unguja.

Mrututu, ile chumvi ya shaba ya buluu, sitaki kuuona jikoni kwetu, hata kama miongozo inausifu. Ni sumu, na maji yake tutayamwaga wapi, na visima viko pale pale? Anayetaka rangi nzito aroweke misumari yenye kutu kwenye siki. Maji hayo kidogo tu yakiingia, kitambaa cha mkungu kinageuka kijivu huku unakitazama. Kidogo, nimesema: chuma kikizidi kinakula nyuzi.

Mkandaa, aina ya mkoko, mnauulizia sana, na hudhurungi yake kweli ni imara. Lakini mti ukichunwa gome pande zote unakufa, na mikoko haikatwi bila kibali. Chama hakitanunua gome kwa asiye na kibali, hata alilete mlangoni.

Manjano na mzingefuri (mbegu za rangi nyekundu) hupauka juani. Tuendelee kuvitumia, lakini mnunuzi aambiwe mapema, na nguo aianike kivulini. Najua wapo wasiopenda kauli hii kwa kuogopa kukosa wateja, tutaijadili leo.

Anayetaka kuingia kwenye agizo la shabu ampe katibu jina na kilo anazohitaji kabla hatujafunga mkutano.