Barua kwa mwanangu: ile fomu

Mwanangu Zainabu,

Sisi hapa wazima, ila mama yako goti limeanza tena kumsumbua tangu mvua zilipoanza.

Juzi kwenye simu ulisema hujajaza fomu ya kupandishwa cheo kwa sababu kazi yako itakusemea yenyewe. Nilinyamaza, salio lilikuwa linakata. Lakini neno lile limenikaa, ndiyo maana nakuandikia habari za Donna Strickland, yule mwanafizikia wa leza. Hesabu zake unazijua kuliko mimi. Nataka tutazame maisha yake.

Yule mama ni Mkanada, mzaliwa wa Guelph, 1959. Mwaka 1985 alikuwa bado mwanafunzi Rochester, Marekani, profesa wake akiwa Gérard Mourou. Shida yao ilikuwa hii: mpigo mfupi wa leza, yaani mmweko wa mwanga, ukiuongezea nguvu sana, unaharibu kioo kilekile kinachoukuza. Ni kama wageni wa harusi wanaovamia mlango wa ukumbi kwa pamoja, mlango unang'oka. Basi Strickland aliwapanga foleni. Aliupitisha mwanga kwenye faiba, uzi mwembamba wa kioo, yenye urefu wa kilomita 1.4, rangi nyekundu ya mwanga ikatangulia, buluu ikabaki nyuma, mpigo ukawa mrefu na mpole. Hapo akaukuza bila kuharibu kitu, kisha akaubana upya kwa jozi ya vioo vyenye mistari myembamba. Nguvu yote ikatua kwa mkupuo mmoja.

Hilo ndilo lilikuwa andiko lake la kwanza la kisayansi, mwanangu. La kwanza!

Matunda yake yako hata hospitalini. Huko Michigan, mwanafunzi mmoja wa Mourou alipigwa na leza ya namna hiyo jichoni kwa bahati mbaya, na daktari aliyemtazama akashangaa kuona jeraha lilivyo safi. Kutokea hapo leza hizo zikaingia kwenye upasuaji wa macho.

Sasa sikiliza. Tarehe 2 Oktoba 2018 anatangazwa mshindi wa Nobel ya Fizikia. Nusu ilikwenda kwa Arthur Ashkin, mzee wa miaka 96, na Strickland na Mourou wakapata robo kila mmoja. Mwanamke wa tatu kuipata ya fizikia, baada ya Marie Curie (1903) na Maria Goeppert Mayer (1963). Na siku hiyo, chuoni kwake Waterloo, alikofundisha tangu 1997, alikuwa bado profesa mshiriki, ngazi moja chini ya profesa kamili. Dunia ikapiga kelele kwamba kaonewa. Alipoulizwa, akajibu kwamba hakuwahi kuomba kupandishwa.

Wala usidhani alikuwa hajulikani. Mwaka 2013 alikuwa rais wa chama kikubwa cha wanasayansi wa mwanga. Wenzake walimjua vizuri, lakini fomu haikujazwa, na cheo hakikuja. Chuo kilimpandisha baada ya tuzo. Mwaka uliofuata nchi yake ikampa nishani ya Order of Canada, ya daraja la juu kabisa.

Wengi wanalisimulia jambo hili kama unyenyekevu. Mimi hapo sikubaliani nao. Yeye alikuwa na andiko la 1985 mfukoni, angeweza kusubiri. Wewe una mkopo wa masomo na mtoto wa kunyonya.

Na nikwambie jambo ambalo hata mama yako halijui lote. Nilikaa miaka tisa bila kupanda daraja. Nyumbani nilikuwa nasema faili limepotea ofisini. Faili halikupotea. Nilikuwa na fomu ndani ya kitabu cha maandalio, nimeandika jina na namba ya ajira tu, nikingoja mkuu wa shule aniite mwenyewe aseme, mwalimu, mbona wewe umesahauliwa? Hakuniita. Mkuu alihamishwa, akaja mwingine, naye hakuniita.

Ukija Idi, njoo nayo hiyo fomu, hata kama imejazwa nusu. Tutakaa barazani tuimalize, nawe uniandikie pembeni majina ya maandiko yako yote, pamoja na lile unalosema ni dogo.

Mbusu mjukuu wangu.

Baba yako