Barua kwa mwanangu kabla ya basi la Kisumu

Mwanangu Mwanaisha,

Nakuandikia kwa sababu nikisema kwa mdomo utanijibu, "Mama, tushazungumza." Tulizungumza, ndiyo, lakini chandarua hukukitia begini. Nimelifungua nikaona: vitabu vinne, kamera, koti la mvua, basi. Nimekitia mimi, chini ya khanga. Usikitoe.

Majirani wananiuliza unakwenda Mbita kufanya nini, nawaambia kutazama buibui. Wanacheka, buibui tunalolijua sisi ni la kuvaa. Basi nawaeleza kama ulivyonieleza: kadudu kasikozidi ukucha wa kidole cha mwisho, hakatandi utando, kanaonekana kandokando ya Ziwa Victoria tu, Kenya na Uganda, kwenye magogo ya miti na kuta za nyumba. Wataalamu waliandika mwaka 2005 kwamba kanapenda damu yetu. Kinywa chake hakiwezi kutoboa ngozi, kwa hiyo kanamvizia mbu aliyekwisha kunywa, na anayependwa zaidi ni yule wa malaria, anayetua mkia juu. Vitoto vyake ndivyo vilivyonishangaza: huzunguka nyuma ya mbu polepole, hupenya chini ya lile tumbo lililoinuka, humrukia kutoka huko. Na aliyeshiba damu hunukia vizuri kwa mwenziwe. Sisi twajifukiza udi, wao wajifukiza sisi! Hapo jirani mmoja alichukua mtandio wake akaondoka. Najivuna, nakuambia kweli, ingawa ungesomea uuguzi ungepata kazi hapa hapa mjini.

Lakini nimekaa nikapiga hesabu. Huyo mbu kabla ya kuliwa ameshakunywa. Amemnywa nani? Buibui wako ni polisi wa kufika mwizi ameshaondoka. Najua utanijibu kwamba mbu akifa mapema hawahi kumpelekea mwingine ugonjwa, maana vimelea vyahitaji siku kumi hivi, pengine zaidi, kukomaa mwilini mwake. Sawa. Huyo mwingine ana mamake. Mimi nina wewe. Lala ndani ya chandarua, ukichomekee chini ya godoro pande zote, si upande wa mlangoni tu kama ufanyavyo hapa.

Na ukisikia mwili mzito, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo. Usiseme ni uchovu wa safari. Ile sahani ya kombe, iliyoandikwa aya zikaoshwa zikanywewa kama dawa, bado iko kabatini, siipakulii chakula. Kombe silo lenye kosa, wala babu yako. Aliyesema "tungoje pakuche" hakuwa babu yako. Basi nenda upimwe.

Bati la jikoni linavuja vilevile. Fundi alichukua nusu ya pesa na sasa simu yake haishikwi. Nduguyo anakitaka chumba chako. Nimemwambia angoje mpaka Desemba, akanuna, akaila mbaazi yote. Ile kona ya juu ya friji nimeacha kuifagia kwa ajili yako, lakini sasa buibui wamekuwa wawili, na wageni wa Idi wakija sijui nitawaambia ni utafiti wa nani. Mahamri nimekufungia ishirini, kumi ni ya mwenyeji wako. Usiyamalize njiani.

Chandarua kilikuwa na tundu karibu na pembe. Nimekishona kwa uzi mweusi kwa kuwa mweupe uliisha; hakipendezi lakini mbu hapiti. Nimejaribu kwa kidole.

Jambo moja tena. Zile soksi za kijivu ulizozifungia ndani ya kopo la maziwa nimezifua. Zilikuwa zinanuka, nami sikujua. Saa hii ndipo nakumbuka ulivyosema wale buibui huvutwa na harufu ya soksi iliyovaliwa. Kama zilikuwa za kazi, zivae tena ndani ya basi. Mpaka Kisumu zitakuwa tayari.

Mamako